Mama Hakukimbia

Watu wa kwa baba husema mama alikimbia. Watu wa kwa mama husema baba alimtupa. Nimezisikia hadithi hizo mbili tangu utotoni, kwenye ndoa, kwenye ubatizo, kwenye matanga, mbele ya sahani za bugali na ndagala, na kila upande husimulia kwa uhakika wa watu walioona kwa macho yao. Hawakuona chochote. Mimi ndiye niliyekuwepo. Nilikuwa jikoni, mdogo wangu mgongoni, nikasikia kila neno ambalo baba na mama waliambiana siku ile. Nilikua, nikasoma, nikaanza kufundisha watoto wa watu, na bado hakuna mtu mzima hata mmoja aliyewahi kuniuliza nilisikia nini.

Tulikaa Kiringye, katika bonde la Ruzizi. Baba ni Mfuliru, mkulima wa mpunga na mihogo. Mama alitoka kule chini karibu na mto, katika familia inayosema Kirundi. Walijuana kanisani, wakapendana, watu wakasema walichosema, halafu wakachoka kusema. Nyumbani tulizungumza Kiswahili. Baba alipotaka kumchekesha mama alimwambia jambo kwa Kirundi chake kibovu. Mama naye alijifunza Kifuliru chote, hata maneno ya kilimo ambayo vijana wa siku hizi hawayajui, lakini sauti yake ilibaki ile ya mtoni. Alipowaita kuku nyuma ya nyumba, jirani aliye mbali alijua ni yeye anayeita.

Sauti hiyo haikuwa kosa mpaka vita ilipofika.

Kwa siku kadhaa tulisikia milio ya bunduki upande wa kaskazini. Barabara ilijaa watu wenye matandiko kichwani na mbuzi nyuma yao. Njia za kukimbilia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilipanda milimani, upande wa Lemera, na huko walikuwa vijana wetu waliochukua silaha wakisema wanalinda ardhi. Ya pili ilishuka bondeni mpaka Uvira, na kwenye barabara hiyo walikuwa askari wa upande mwingine. Kule mlimani, mtu mwenye sauti ya mama alihesabiwa dada wa adui. Kule barabarani, mwanaume wa aina ya baba, mwenye mabega ya jembe na jina la milimani, alihesabiwa mpiganaji aliyeficha bunduki yake. Hayo nayaeleza sasa kwa sababu nimekuwa mtu mzima. Siku ile nilichoelewa ni kwamba mama alikuwa akitwanga majani ya sombe mchana, na baba aliingia jikoni kutoka shambani bila kunawa miguu.

"Tunapanda bote," baba alisema. "Yaya yangu amekwisha kutangulia na bantu bake." Yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa.

Mama hakuacha kutwanga. "Nikipanda na weye, pa barieri ya kwanza bataniuliza jina. Nitajibu. Batasikia."

"Minye njo nitasema. Weye utanyamaza."

"Na mutoto akilia, nitamubembeleza na luga gani?"

Baba alimtazama mdogo wangu mgongoni mwangu. Alikuwa mtoto wa kike aliyeanza kutembea juzijuzi, na mama alimbembeleza kwa Kirundi kila siku. Hora, mwana wanje, hora: nyamaza, mwanangu, nyamaza. Sisi wote watatu, kaka yangu, mimi na yeye, tulilelewa kwa maneno hayo.

"Basi tushuke bote Uvira, kwa yaya yako," baba alisema.

"Weye ushuke? Batakuangalia mikono tu, batasema uko wa mulimani. Batakuua mbele ya batoto." Hapo ndipo alipoweka mchi chini. "Kamata kijana, mupande. Minye nashuka na babinti. Kule chini bataniacha nipite, na kule juu batakuacha upite. Vita ikiisha, utakuya kutukamata."

"Bantu batasema nini?"

"Baseme. Tukiwa bazima tutabajibu."

Baba alikaa juu ya kigoda, akafunika uso wake kwa mikono. Mama alimshika kichwa kama anavyoshikwa mtoto mwenye homa. Halafu walifunga mizigo miwili, mmoja wa kwenda juu na mmoja wa kwenda chini, wakigawana chumvi, wakigawana viberiti, bila kugombana hata kidogo. Huyo ndiye mwanamke wanayesema alikimbia, na huyo ndiye mwanaume wanayesema alimtupa mke wake.

Tulitembea na kundi la watu wengi. Mama alimbeba mdogo wangu, mimi nilibeba sufuria na bidoni tupu. Kwenye barieri, askari mmoja alimuuliza mama mume wake yuko wapi. Mama alijibu kwa Kirundi kwamba amekufa. Alisema bila kutikisika, na mimi niliyejua kwamba baba yuko hai, akipanda mlima na kaka yangu, nilianza kulia, na kilio changu kilimfanya askari amwamini. Tulipita. Mzee mmoja nyuma yetu aliulizwa naye, akajibu, na sauti yake haikuwapendeza. Walimpeleka nyuma ya migomba. Mama alinivuta mkono nisigeuke.

Uvira tulipokelewa na mjomba, kaka mkubwa wa mama, katika parsele, kiwanja chake karibu na ziwa. Sitasema uongo juu yake: alitupa chumba, alitupa chakula, wakati nyumba yake ilikuwa imejaa watu waliolala mpaka kwenye baraza. Naye alikuwa na msiba wake. Kijana wake wa kwanza alikuwa ametoka kwenda bondeni kununua mchele na hakurudi. Mjomba alijua moyoni ni watu gani waliomchukua, na tangu siku hiyo hakutaka kusikia neno zuri juu ya mtu yeyote wa mlimani.

Mdogo wangu alishikwa na kuhara katika juma lilelile. Maji yalikuwa mabaya, watu wote walikunywa ya ziwa. Alikufa asubuhi, mikononi mwa mama, nasi tukamzika kabla jua halijawa kali. Tuliporudi kutoka makaburini mjomba alimuuliza mama mbele ya watu, "Bwana yako iko wapi? Mutoto anazikwa, yeye iko mulimani anakula mihogo."

"Tulipatana," mama alisema. "Minye njo nilimuambia apande."

"Mwanaume hapatane na bibi yake amuache mu njia ya vita. Alikutupa. Acha kumufunika."

Nilisema baba hakututupa, kwamba nilikuwa jikoni na nilisikia. Mjomba hakunipiga wala hakunikaripia. Alinitazama kwa huruma, akawaambia wengine, "Musikie. Damu ya baba yake njo inaongea."

Ningependa zaidi angenipiga. Mtoto aliyepigwa anajua kwamba walau alisikika.

Njia ilipofunguka, mama na mimi tulipanda gari mpaka Kiringye. Mama alivaa kitenge kizuri alichoazima kwa wifi yake. Njia nzima alinieleza jinsi tutakavyoanza upya, wapi atapanda lengalenga, na jinsi atakavyomweleza baba habari ya mtoto. Nyumba yetu ilikuwa haina mabati. Baba na kaka yangu walikuwa wakiishi kwa baba mkubwa, kaka wa baba, na ni baba mkubwa aliyetoka kutupokea kwenye uwanja, akiwa na wanaume wengine wa ukoo. Baba alisimama nyuma yao. Alikuwa amekonda. Kaka yangu, ambaye nilikuwa namwita yaya, hakumkimbilia mama. Kwanza alimtazama baba mkubwa, kama mtu anayeomba ruhusa.

Walimpa mama mkeka nje. Wao walikaa kwenye viti. Baba mkubwa alisema kwamba mke ambaye siku ya hatari anamwacha mume na kwenda kwa watu wake amekwisha kuchagua, na kwamba mtoto wa ukoo amekufa huko alikopelekwa bila ruhusa ya ukoo. Alisema polepole, na wengine walitikisa vichwa. Mama alifungua kinywa na mmoja wao akamwambia angoje.

Nikasema mimi. "Baba mukubwa, minye nilikuwa mu jiko. Baba na mama balipatana."

"Mutoto," alisema, "kamata bidoni, uende ku maji."

Nilimtazama baba. Baba alitazama vidole vyake. Nilichukua bidoni, nikaenda kisimani, nikangoja zamu yangu nyuma ya wanawake, na niliporudi mambo yalikuwa yamekwisha. Mama alikuwa amesimama kando ya barabara na mfuko wake, akingoja gari la kurudi Uvira. Nilipakuliwa chakula nikakataa, nikaenda kusimama naye.

Nimeifikiria sana safari ile ya maji. Watu wale wangeyamaliza mambo ya ukoo vilevile bila mimi, na hata bila mama, aliyekuwa ameketi pale mkekani. Walikuwa wamekuja na hadithi yao tayari, imepikwa na kufunikwa, na walichotaka kwetu ni kukaa kimya wakati wanaigawa. Lakini aliyeniunguza zaidi ni baba. Wengine hawakujua. Yeye alijua.

Baba alioa mke mwingine. Yaya alibaki kwake. Mimi nilikaa na mama Uvira, na mama aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, ufukweni, baadaye sokoni, mpaka vidole vyake havikutoka harufu hata kwa sabuni ya unga. Vita ilirudi, ikaenda, ikarudi kwa jina jingine. Tulikimbia na kurejea mara nyingi kiasi kwamba tulijua ni vyombo gani vya kufukia na vipi vya kubeba. Na kila ilipotulia kidogo, hadithi zile mbili zilikuwa zimenenepa. Kiringye walisema sasa mama aliondoka na pesa za mpunga. Uvira walisema baba alikuwa na mwanamke mwingine tangu kabla ya vita. Nilipokwenda kumsalimu baba, mara chache, nilimsikia baba mkubwa akiwasimulia watoto wadogo habari ya mwanamke aliyekimbia, na watoto wale hawakujua kwamba ni mama yangu. Nilikunywa chai yangu nikarudi Uvira.

Mama hakuzungumzia jambo lile. Nilipolianzisha, alisema samaki wanaharibika, nimsaidie kuwaanika. Alikufa mwaka jana. Alianguka sokoni mbele ya meza yake, na alipofikishwa hospitali alikuwa hasemi tena.

Wakati wa matanga, parsele ya mjomba ilijaa tena kama zamani. Tulitandika turubai, wanawake walikaa ndani na mwili, wanaume nje kwenye viti vya kuazima. Mchana alifika baba, pamoja na yaya na baba mkubwa na wazee wengine wawili wa kwao. Nilifurahi kuwaona. Nasema ukweli, nilitoka mwenyewe kuwapokea, nikawatafutia viti mahali penye kivuli.

Baba mkubwa aliomba kusema. Alisimama kwa fimbo, alikuwa amezeeka sana, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Huyu mulamu yetu, bibi ya mudogo yangu," alisema, "hata kama alitukimbia wakati ya vita, tumekuya kumuzika. Siye tuko Bakristu. Tumemusamehe."

Mjomba alikuwa amesimama kabla neno la mwisho halijatoka. "Mumemusamehe nini? Mulimutupa na batoto, leo munakuya kumusamehe pa jeneza?"

Wazee wawili wa Kiringye walisimama pia. Wapwa wa mjomba walisogea. Ndani ya nyumba kilio cha wanawake kilikatika. Mama alikuwa amelala pale, amevishwa kitenge chake cha Pasaka, na wanaume wawili walikuwa wakibishana kama alikimbia au alitupwa.

Sikumbuki kuamua chochote. Nilijikuta katikati yao.

"Mukae," niliwaambia. "Baba mukubwa, ukae. Mujomba, na weye ukae."

Mjomba alisema hayo ni mambo ya wakubwa.

"Minye niko na batoto bane," nilimjibu. "Nafundisha batoto ya bantu. Nimezika mudogo yangu, leo nazika mama. Nitakuwa mukubwa siku gani? Mukae chini."

Walikaa, nadhani kwa mshangao tu. Niliwasimulia yote ya jikoni. Niliwaambia juu ya sombe, juu ya miguu ya baba yenye tope, juu ya chumvi iliyogawanywa. Niliwaambia alichouliza mama, mtoto akilia nitambembeleza kwa lugha gani, na pale mwanamke mmoja ndani ya nyumba alianza kulia, si kilio cha matanga, kilio chake mwenyewe. Niliwaambia mama alisema watu waseme, tukiwa wazima tutawajibu. "Alikuwa muzima," niliwaambia. "Miaka yote hii alikuwa muzima hapa Uvira, pa soko, kila muntu alijua meza yake. Nani alikuya kumuuliza?"

Mjomba alisema kwa sauti ndogo, "Sasa juu ya nini haukutuambia?"

Hasira iliyonipanda pale sijawahi kuiona tena. "Nilikuambia. Siku tulizika mutoto. Ulisema ni damu ya baba yangu inaongea. Nikamuambia baba mukubwa, akanituma ku maji. Mulitaka niseme mara ngapi?"

Baba alikuwa ameinamisha kichwa kama siku ile ya kikao, na nilikuwa karibu kumgeukia, wakati yaya aliposimama. Kaka yangu si msemaji. Tumeonana miaka mingi na tumezungumza juu ya mihogo, juu ya karo za watoto, juu ya magonjwa. Hatukuwahi kuzungumza juu ya kule juu.

"Minye pia niko na kitu ya kusema," alisema.

Alisema kwamba kwenye njia ya Lemera, waliwakuta baba mkubwa na watu wake wamesimamishwa na vijana wenye silaha. Kijana mmoja alimtambua baba. Alisema, huyu ndiye aliyeoa kule mtoni, mke wake yuko wapi, amemficha wapi. Walimpigisha baba magoti. Walimvua shati. Mmoja alimwambia yaya ageuke upande wa mlima asione.

"Na pale," yaya alisema, "baba mukubwa akaenda mbele yabo. Akasema: huyu ni ndugu yangu. Ule mwanamuke alimukimbia, ameenda kwa bantu bake. Siye tumemukatala. Mukitaka kuua muntu juu ya ule mwanamuke, muanze na minye." Yaya alimgeukia baba mkubwa. "Nilikuwa nashika koti yako. Balituacha."

Nilikuwa bado nimesimama. Miaka yote ile nilidhani kwamba mimi ndiye niliyekuwa na ukweli wote, na kwamba wao wana hadithi tu. Nilikuwa na nusu ya siku ile. Nusu nyingine ilikuwa kwa kaka yangu, na mimi pia sikuwa nimemuuliza.

Baba mkubwa aliketi akishika fimbo kwa mikono miwili. Alimtazama yaya kama mtu anayetafuta kitu mbali.

"Ni minye nilisema vile?"

"Ni weye, baba mukubwa."

"Nilisahau," alisema. "Nilisahau kama ni minye niliisemaka."

Watu wengi walimhurumia mzee pale, niliona kwenye nyuso zao. Mimi sikuweza, si mara moja. Ni kweli alisimama mbele ya bunduki. Ni kweli bila neno lile ningekuwa yatima na yaya hangekuwepo. Mama naye alidanganya barabarani, alimfanya baba maiti kwa neno moja, na uongo wake pia ulitupitisha. Lakini mama, tulipoipita barieri ile, aliuacha uongo wake pale pale. Baba mkubwa aliubeba wake akaja nao nyumbani, akaukalisha kwenye kiti, akaulisha, akawafundisha watoto, mpaka ukamfukuza mwanamke kwenye nyumba yake. Uongo ule ulikuwa wa kazi ya siku moja tu. Hakuna aliyeusimamisha, kwa sababu kuusimamisha kulihitaji kumwuliza mama swali moja na kungoja jibu.

Tulimzika jioni ile. Mjomba na baba mkubwa hawakukumbatiana. Walinawa kwenye beseni moja, wakala meza moja, na kwa wale watu wawili hilo si jambo dogo.

Asubuhi yake nilimkuta baba ameketi peke yake kwenye ukuta wa parsele, akitazama ziwa. Nilimwuliza kwa nini alinyamaza.

"Bale vijana balikaa ku kijiji," alisema. "Balikuwa banakula kwetu. Ningesema nilipatana na mama yako, bangekuya kumaliza kile balianza. Yaya yako alikuwa pale."

"Na balipoondoka?"

"Mama yako alijua. Siku ya kikao, wakati ulienda ku maji, nilimufuata pa barabara. Nilimueleza. Akasema, uache vile, mulinde kijana."

Labda ni kweli. Inafanana na mama kusema hivyo. Lakini mwanamke anayesimama kando ya barabara na mfuko wake, mtoto wake wa kiume amebaki mikononi mwa watu wenye bunduki, angesema nini kingine? Na wale vijana waliondoka Kiringye zamani. Baada ya hapo palikuwa na miaka, na palikuwa na magari kila siku kutoka Kiringye mpaka Uvira, na baba hakupanda hata moja kwenda kumwuliza kama bado anataka iachwe vile. Nilimwambia hayo yote. Nilimwambia pia kwamba ameniachia jibu ambalo siwezi kulihakikisha, kwa sababu aliyekuwa nalo yuko chini ya udongo.

"Unataka nifanye nini?" aliuliza.

"Useme Kiringye. Mchana, mbele ya bantu. Weye mwenyewe."

Alisema. Nilikwenda kusikiliza. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, nje, watu wamesimama. Alisema vibaya, maneno machache, akirudi nyuma na kukosea, mimi na yaya tukimsaidia. Wengine walisikiliza mpaka mwisho. Wengine waliondoka wakisema ni mambo ya zamani. Mzee mmoja alisema Barundi ni Barundi tu, naye hakubadilika, na sitarajii abadilike.

Tulirudi kwa baba. Mke wake wa pili alituletea viti, halafu hakuondoka kama kawaida yake. Alibaki amesimama mbele ya baba, mikono kwenye kiuno.

"Minye," alisema, "baliniambia bibi yako alikukimbia. Nilikuonea huruma, njo maana nilikubali unioe. Kama ningejua iko Uvira, anakungojea, singekubali. Ulinikalisha mu nafasi ya bibi mwenye iko bado muzima."

Baba alianza kusema kitu. Hakumngoja. Alinigeukia mimi.

"Na weye ulikuwa unakuya hapa, unanisalimia kama unamusalimia mwizi. Haukuniuliza hata siku moja nilitoka wapi."

Nilitaka kujitetea. Nilikuwa na maneno tayari, ya miaka mingi, na hasira ya kuyasukuma. Niliyameza. Nilimsogezea kiti kilichobaki.

"Ulitoka wapi?" nilimwuliza.

Alikaa. Alisema alitoka juu, upande wa Lemera, na kwamba alikuwa na mume kabla ya baba. Mume huyo alikuwa mshona viatu. Alishuka bondeni siku moja ya vita ileile, kwenye barabara ileile tuliyoipita sisi, kutafuta dawa ya mtoto, naye alikuwa na mabega ya jembe na jina la milimani, na hakurudi. Aliposimulia mpaka hapo, baba aliinuka akaingia ndani, na hakuna aliyemzuia. Mwanamke yule aliendelea, mwanzoni kwa ukali, halafu kwa sauti yake ya kawaida. Nilisikia gari la Uvira likipiga honi barabarani, na nikaliacha lipite.